Hedifoni isiyotia chumvi

SWALI: Shikamoo anko. Mi kijana wa hapa Morogoro, narekodi kwaya yetu na vijana wa mtaani wakija, nina kompyuta, maikrofoni moja na hedifoni niliyonunua mwaka jana, boksi limeandikwa studio na besi yake kweli inatingisha kichwa. Shida ni kwamba nikimiksi nikiwa nimeivaa naona kila kitu kiko poa kabisa, nikienda kupiga kanisani besi hamna, sauti ya nne imepotea, akina mama wa sauti ya kwanza wanapasua masikio, na juzi mwalimu wa kwaya kaniuliza mbele za watu kama nilirekodia kwenye simu. Washkaji wanasema nitafute hedifoni flati. Flati ndo nini hasa, na nikiwa dukani nitaijuaje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa aibu hiyo, ila mwalimu asikulaumu sana maana aliyeharibu kazi ni hiyo hedifoni. Inatia chumvi. Besi inaongeza yenyewe, sa we ukisikia besi imejaa unafanyaje, unaipunguza kwenye miksi, alafu ukifika kanisani kwenye spika zisizoongeza kitu unabaki na kile kidogo ulichoacha. Juu nako hivohivo, besi ikizidi inafunika sauti za juu, we unaona waimbaji wamefifia unawapandishia, kumbe walikuwa sawa tu tangu mwanzo. Ndo maana wanapasua.

Kuhusu hilo neno flati, ndo linalowapoteza wengi. Flati maana yake sauti inakufikia kama ilivyo, haijaongezwa wala kupunguzwa. Ila mtu akisikia flati anafikiria mchoro wa vipimo wenye mstari ulionyooka kama rula, na hapo kakosea. Sikio lako lina tundu la kama sentimita 2.5 mpaka kwenye ngoma, na tundu hilo linavuma lenyewe kama chupa ya soda ukiipuliza mdomoni, linapandisha sauti za maeneo ya Hz 3,000 (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ndogo ni besi, kubwa ni sauti za juu), bado hujaweka umbo la sikio la nje, kichwa na mabega. Ubongo umezaliwa na hali hiyo, umeizoea, ukimsikia mama yako akiongea sebuleni hicho kilima kimo na we unaona ni sauti yake ya kawaida. Kwa hiyo hedifoni ikipimwa kwenye kichwa bandia chenye masikio, pale kwenye ngoma lazima kilima kionekane. Ikitoa mstari ulionyooka, mwimbaji atasikika kama anaimba ndani ya blanketi.

Na besi je? Mwaka 2013 watafiti wa kampuni ya Harman ya Marekani, Sean Olive, Todd Welti na Elisabeth McMullin, waliwasikilizisha watu hedifoni za mlio tofauti tofauti, na ulioshinda ulikuwa unafanana na spika nzuri ikipigwa ndani ya chumba kizuri. Chumba kinaongeza besi kidogo, si unajua, kuta zinairudisha. Kwa hiyo yule anayekwambia hedifoni ya kweli haina besi mpuuze, besi ipo, ila haimkalii mtu kichwani.

Dukani sasa. Usiende na wimbo wa kudunda, wimbo wa kudunda unasikika mtamu hata kwenye takataka. Nenda na sauti ya mtu. We una bahati una kwaya, mweke mmoja wa sauti ya nne aongee na aimbe mbele ya maikrofoni yako, usiguse chochote, usiweke rivabu (mwangwi wa kutengeneza) wala nini, alafu akiwa bado amekaa hapo chumbani vaa hedifoni msikilize, vua, mwambie arudie, vaa tena. Fanya kwanza na hiyo uliyonayo, najua utacheka. Akisikika kama anaongea ndani ya pipa, sauti za kati chini zimezidi. Akisikika kama yuko kwenye simu, mwili wa sauti haupo. Kila akitamka s na sh ukasikia zinachoma kama sindano, juu kumetiwa chumvi. Rekodi hiyohiyo iweke kwenye simu uende nayo dukani, kichwani mwako unajua yule bwana anasikikaje.

Jambo moja wauzaji hawakwambii, na wengine wanalitumia makusudi: kinachopiga kwa nguvu zaidi kinasikika kizuri zaidi. Ukilinganisha hedifoni mbili bila kusawazisha volyumu umechagua yenye kelele, hujachagua nzuri. Na usijaribu kwa sauti ya chini sana, sikio la binadamu volyumu ikishuka linaanza kuikosa besi kwanza, utaisingizia hedifoni bure.

Majina ya hedifoni za kununua uliniuliza kwenye barua ya pili kwa hiyo nayataja haraka. Sony MDR-7506 ipo tangu 1991, imefunikwa kwa nje, waya wake ni wa kujikunja kama wa simu za mezani za zamani, redio na studio nyingi wanaitumia, huko Marekani ni kama dola 100. Juu inang'aa kidogo, s utaziona mapema, mi hilo kwa kazi yako naliona ni faida maana kasoro ya maikrofoni haijifichi. Audio-Technica ATH-M40x iko kwenye bei hizohizo na imetulia kuliko kaka yake M50x mwenye jina kubwa. AKG K371 ya 2019 imetengenezwa kufuata kabisa ule mlio wa akina Olive. Hela ikiwepo kuna Sennheiser HD 600, iko sokoni tangu 1997, kwa sauti ya binadamu mi sijapata ya kuishinda, ila iko wazi kwa nje, ukipiga mtu wa pembeni anasikia kila kitu na maikrofoni nayo inanasa, kwa hiyo ni ya kumiksi, siyo ya kumvalisha mwimbaji. Alafu ni ohmu 300, yaani inauzuia sana umeme, simu nyingi zitaisukuma kivivuvivu, na besi ile ya chini kabisa inaisha mapema.

Angalia feki, aisee. MDR-7506 na M50x zinaigizwa mpaka stika, na feki inatoa besi ileile unayoikimbia. Ukiona Kariakoo mtu anakuuzia robo ya bei na anakwambia ni oda ya kiwandani, ondoka tu.

Ila kabla hujatoa hela, jaribu kuirekebisha uliyonayo. Kama kompyuta yako ni Windows pakua Equalizer APO, programu ya bure ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, shusha kuanzia Hz 100 kwenda chini kama desibeli 5 au 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), sikiliza tena rekodi ya yule bwana, shusha au pandisha mpaka asikike kama ulivyomsikia chumbani. Mradi wa AutoEq wa mtandaoni nao una namba za kuweka humo, zilizopatikana kwa kupima hedifoni nyingi sana, tafuta modeli yako, kama ni orijino huenda ukaikuta. Haitakuwa studio ila mwalimu hatakuuliza tena habari za simu. Na mlio mpya siku za mwanzo utauona umepoa, hauna raha, usirudi nyuma, mpe sikio wiki moja au mbili, weka na nyimbo za kwaya zilizomiksiwa vizuri unazozijua uzipige kwa volyumu moja na yako. Mi nilipobadilisha mara ya kwanza nilidhani spika moja imekufa!

SWALI: Asalaam aleykum kaka. Mi mpenzi wa taarab ya zamani, mume wangu kaniletea hedifoni nzuri anayosema ni ya mlio wa asili. Yeye akivaa anasema udi unasikika vizuri na dumbaki ina uzito, mi nikivaa dumbaki kama mtu anagonga boksi la karatasi. Masikio yangu ndo mabovu? Navaa miwani, na mara nyingi navaa hedifoni juu ya mtandio. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Waaleykum salaam dada. Masikio mazima kabisa, swali lako lina jibu ndani yake. Besi ya hedifoni inategemea sponji ishike ngozi pande zote bila upenyo. Mkono wa miwani unainua sponji hapo kwenye kipanda uso, besi inatorokea hapo, na mtandio unakamilisha: kitambaa kinapitisha hewa kwa hiyo besi inavuja, na sauti za juu kinazifunika kwa hiyo ule mlio mkali wa nyuzi za ganuni unakuwa butu. Mume wako anasikiliza kitu kingine kabisa.

Jaribu hivi. Ukiwa umevaa kama kawaida yako, bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja. Dumbaki ikirudi, ni upenyo tu. Nyumbani vaa hedifoni kwanza alafu mtandio juu yake, na miwani ivue kama husomi kitu, au tafuta yenye mikono myembamba. Ukiwa nje utateseka bure, nunua za kuingiza ndani ya sikio, ila zile mpira za saizi tatu zinazokuja nazo zijaribu zote, saizi isiyo yako inavuja vilevile, na sikio la kulia na la kushoto si lazima yalingane. Na sponji zikizeeka zibadilishe. Yangu ya zamani ilikuwa inabandukabanduka, nikitoka studio nina vipande vyeusi mashavuni kama nimetoka kuchoma mkaa, na besi ilishaondoka kitambo mi sina habari.

SWALI: Kaka, boksi la hedifoni yangu limeandikwa 20 Hz mpaka 20,000 Hz. Si ndo ina maana iko flati? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hapana bana. Hapo umeambiwa basi linatoka Dar linafika Mwanza, habari ya mashimo njiani hujaambiwa. Wangeandika pia inapanda na kushuka desibeli ngapi humo katikati tungeongea, bila hivyo hizo namba zinaandikwa kwenye hedifoni ya elfu tano na ya laki tano zilezile.