Dola Moja Moja na Blauzi Kuukuu

SWALI: Ninamhudumia bibi wa Kiyahudi, Mmarekani, miaka 78. Vita haijatulia, lakini tiketi ya Yerusalemu kashakata. Majirani wanamletea dola moja moja, naye ananiambia nimfungie blauzi kuukuu, eti ataichana akifika. Dini yao inamlazimisha kwenda hatarini? Nami nimwandalie nini?
Dada wa Tanga, New Jersey

JIBU: Haimlazimishi, dada. Hizo dola ni sadaka: kila jirani anamtuma akampe maskini wa huko, ili asafiri akiwa mjumbe wa jambo jema. Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, inasema wajumbe wa namna hiyo hawadhuriki. Ila palepale inaongeza kwamba penye hatari ya wazi hukumu ni nyingine, kwa hiyo kinga haiachwi. Wengi wanaokwenda wakati huu huenda kama tunavyokwenda sisi kuhani msiba. Huna la kurekebisha, lakini uonekane.

Blauzi nayo ni ya msiba. Asiyeona mahali pa Hekalu, lililobomolewa na Warumi mwaka 70, kwa siku 30 au zaidi, akipaona huchana nguo upana wa kiganja, kama sentimita 8. Sabato hawachani. Wengi siku hizi wameiacha mila hii; bibi yako ni wa kale hasa.

Sasa maandalizi. Kwa pasipoti ya Marekani anahitaji kibali cha mtandaoni cha kuingia Israeli, ETA-IL, shekeli 25. Aombe angalau saa 72 kabla ya safari.

Kubwa ni malazi. King'ora cha roketi kikilia Yerusalemu, kwa kawaida mtu ana sekunde 90 awe amejificha. Kwa miguu ya miaka 78, kushuka ghorofa mbili tu kunazimaliza sekunde hizo, na lifti haipandwi. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zinapendeza, lakini nyingi hazina mamad, kile chumba cha zege chenye mlango wa chuma. Kabla ya kulipa, aulize mamad iko ghorofa gani, apewe chumba ghorofa hiyohiyo. King'ora kikimkuta nje pasipo pa kujificha, alale chini, afunike kichwa kwa mikono, akae hivyo dakika 10.

Dawa mfungie za wiki mbili zaidi, tena kwenye mkoba wa mkononi. Juni 2025 anga ilifungwa ghafla, watu wakatokea Jordan, Misri, hata kwa meli hadi Cyprus. Akilazimika kupitia Jordan, daraja la Allenby, kivuko cha mpakani, halitoi viza papo hapo. Wengi hukwama hapo. Bima pia isomwe vizuri, nyingi hazilipi madhara ya vita.

Dola za majirani zitie bahasha yake peke yake. Zikichanganyika na za matumizi, hatajua ipi ya nani.