Unapoanza kulifuatilia Jeshi la Wanamaji la Kenya, usianze na hesabu ya meli

Wengi wanaotaka kusoma au kuandika habari za Jeshi la Wanamaji la Kenya hunijia na swali moja: lina meli ngapi? Naelewa kwa nini. Idadi ni rahisi kuweka kwenye kichwa cha habari, tena ni rahisi kuilinganisha na ya jirani. Lakini nimelifuatilia jeshi hili muda wa kutosha kujua kwamba swali hilo likitangulia, yote yanayofuata huenda kombo. Swali la kwanza liwe hili: leo hii, ni meli zipi zinazoweza kung'oa nanga, zikafika zinakohitajika na zikadumu huko? Ukilishika hilo, orodha ya meli itaanza kukuambia mambo ambayo wengine hawayaoni.

Anza na bahari yenyewe. Chukua ramani uifuate pwani kutoka Vanga, mpakani na Tanzania, hadi Kiunga karibu na Somalia. Kisha pima kuelekea nje. Maili 12 za mwanzo za baharini ni maji ya nchi. Kutoka hapo hadi maili 200 ni ukanda wa kiuchumi, ambamo samaki na mali iliyo chini ya bahari ni haki ya Kenya, ila meli za mataifa mengine zina uhuru wa kupita. Sasa piga hesabu. Meli inayokwenda mwendo wa noti 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa, itachukua saa 13 na zaidi kufika ukingo wa maili 200, na hapo haijafanya kazi yoyote. Boti ya mbio inaweza kufika mapema, lakini tangi lake dogo halitairuhusu kukaa.

Halafu kuna pepo. Mzaliwa wa pwani hahitaji kuelezwa, ila mwanafunzi wa bara huenda hajawahi kulifikiria jambo hili. Kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, ikishika, bahari huchafuka, hasa kati ya Juni na Agosti. Hata maharamia wa Kisomali, enzi zile walipokuwa wamepamba moto, mashambulizi yao yalipungua miezi hiyo kwa sababu viboti vyao havikuyamudu mawimbi. Kwa hiyo ukisikia kwamba boti kadhaa mpya zimekabidhiwa kwa ajili ya doria, uliza urefu wake na uulize zitafanya nini wakati wa kusi. Ni swali la haki kabisa, na ofisa yeyote anayeijua kazi yake ataliheshimu.

Mpaka wa kaskazini nao uuchore kwa uangalifu. Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu juu ya mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia, na Kenya ikaikataa. Ramani utakayoiweka kwenye kazi yako lazima iseme ni mstari wa nani. Nimeona tasnifu nzuri zikidhoofishwa na ramani iliyookotwa mtandaoni bila tarehe.

Ukishaielewa bahari, njoo kwenye meli, na uzisome kwa vizazi. Jeshi lilianzishwa Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, miaka miwili hivi tangu lile la Afrika Mashariki la enzi ya Mwingereza livunjwe mnamo 1962. Mwaka 1966 zikaja boti tatu za doria kutoka Uingereza: Simba, Chui na Ndovu. Katikati ya miaka ya 1970 zikafuata Mamba, kisha Madaraka, Jamhuri na Harambee. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikawasili Nyayo na Umoja, zenye mita 56 hivi na makombora ya kupigia meli. Miaka ya 1990 Hispania ikatuletea Galana na Tana, meli za kubeba askari na vifaa hadi ufuoni, na baadaye meli mbili za doria, Shujaa na Shupavu. Mwaka 2011 Ufaransa ikatoa meli yake iliyoitwa La Rieuse, ikabatizwa Harambee II. Mwaka 2012 ikafika Jasiri, yenye mita 85, kubwa kuliko zote zilizoitangulia.

Soma hiyo safu polepole. Kizazi cha kwanza ni boti za kulinda pwani. Kizazi cha makombora kilikuja wakati mataifa mengi madogo yaliamini kwamba boti ndogo yenye kombora inaweza kuitisha meli kubwa. Kisha makombora yakatoweka. Nyayo na Umoja zilipelekwa Italia kukarabatiwa, na zikarudi mwaka 2011 zikiwa meli za doria zisizo na makombora. Hapo mwelekeo ulikuwa umebadilika: adui aliyetarajiwa hakuwa tena meli ya kivita ya taifa lingine. Alikuwa mharamia, mvuvi haramu, mlanguzi na mpiganaji wa al-Shabaab. Hilo ndilo jambo kubwa katika historia ya meli hizi, na hulioni ukihesabu tu.

Utakuta orodha mtandaoni ambazo hadi leo zinaipa Nyayo makombora ya Otomat. Zinanakiliana. Kila unapokuta silaha imetajwa, tafuta picha ya karibuni ya meli hiyo na uitazame sitaha kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Namba iliyoandikwa ubavuni itakusaidia kujua unaangalia meli ipi, kwa maana Nyayo (P3126) na Umoja (P3127) ni mapacha na mpiga picha mara nyingi hutaja jina asilo na hakika nalo. Uangalie majina pia. Harambee ya miaka ya 1970 na Harambee II ni meli mbili tofauti, zimejengwa katika nchi mbili tofauti, na nimesoma makala yaliyozichanganya kana kwamba ni moja iliyoishi miongo minne.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni matengenezo. Katika majeshi ya majini duniani kuna kanuni ya kukadiria: ukiwa na meli tatu za aina moja, moja itakuwa baharini, moja itakuwa inajiandaa au inafunza watu, na moja itakuwa kwenye matengenezo. Mwenye matatu tatu anajua kwamba ile iliyo gereji haileti hesabu ya jioni, ingawa logbuku ni yake. Sasa irudie habari ya Nyayo na Umoja. Zilipokuwa Italia, zote mbili kwa pamoja, pwani ya Kenya ilikosa meli zake mbili za kutegemewa katika miaka ileile ambayo uharamia wa Kisomali ulikuwa mkali. Kwenye karatasi zilihesabiwa. Kwenye maji hazikuwepo.

Jasiri inafundisha somo hilohilo kwa njia nyingine. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2003, ukaingia kwenye lile kundi la mikataba iliyozongwa na maswali ya Anglo Leasing, kashfa ya kandarasi za serikali, na meli ikakaa Hispania miaka mingi kabla ya kufika Mombasa. Anayetaka kuandika juu ya ununuzi wa meli lazima asome kumbukumbu za Bunge na ripoti za Mkaguzi Mkuu kwa bidii ileile anayosomea vipimo vya mizinga. Meli huchelewa au kuwahi ofisini na kwenye akaunti za benki kabla haijafika kiwandani.

Kwa hiyo mimi nazipa karakana uzito mkubwa. Mwaka 2020 serikali iliunda Kenya Shipyards Limited chini ya Wizara ya Ulinzi, yenye viwanda Mombasa na Kisumu. Shujaa ilikuwa imepelekwa Uholanzi kukarabatiwa, lakini pacha wake Shupavu ilifanyiwa ukarabati Mombasa. Kisumu nako wakaijenga MV Uhuru II, meli ya kusafirisha mafuta kupitia Ziwa Victoria. Wanafunzi wengi huiruka habari hii wakiona ni mambo ya viwanda. Msiiruke. Meli inayotengenezwa nyumbani haisafiri maelfu ya maili kwenda na kurudi, vipuri vyake vinaagizwa na watu wanaoifahamu, na fundi aliyefungua injini yake mara ya kwanza yupo kuifungua mara ya pili. Kwa jeshi lenye meli chache, hiyo ni sawa na kuongezewa meli.

Sasa muundo. Katiba ya 2010, kifungu cha 241, inasema Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ni matatu: Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Wanahewa na Jeshi la Wanamaji. Rais ni Amiri Jeshi Mkuu. Mkuu wa Majeshi yuko juu ya makamanda wa matawi yote matatu, na kuna Baraza la Ulinzi linalosimamia sera. Kamanda wa Jeshi la Wanamaji ana makao yake Mtongwe, upande wa kusini wa Mombasa, na kuna kambi nyingine Manda kule Lamu. Mtongwe ndiko kuliko na gati kuu na chuo cha mafunzo. Manda iko karibu na mpaka wa Somalia, na nafasi yake kwenye ramani inatosha kueleza umuhimu wake.

Vyeo vinawatatiza wageni. Maofisa wa Jeshi la Wanamaji la Kenya hutumia vyeo vya nchi kavu: kamanda ni meja jenerali, chini yake mabrigedia, makanali na kuendelea. Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka, wanamaji wana vyeo vya baharini hadi admirali. Usimwite meja jenerali wa Mtongwe admirali ukidhani unamheshimu. Wala usidhani kwamba mwanamaji hawezi kuongoza majeshi yote, kwani Jenerali Joseph Kibwana alitoka jeshi hili akawa mkuu wa majeshi kuanzia 2000 hadi 2005, na Jenerali Samson Mwathethe kuanzia 2015 hadi 2020.

Tofautisha pia wanamaji na Huduma ya Walinzi wa Pwani iliyoundwa mwaka 2018. Hiyo ni asasi nyingine yenye sheria yake, na meli yake kuu ni Doria. Kazi yake ni kusimamia sheria majini: uvuvi haramu, magendo, uchafuzi, pamoja na usalama ziwani. Habari ikisema tu kwamba "maofisa wa doria wamekamata jahazi", usiandike wanamaji kabla hujathibitisha. Si suala la adabu pekee. Katiba inaweka masharti pale majeshi yanapotumika ndani ya nchi: yakisaidia wakati wa dharura, Bunge la Kitaifa lazima liarifiwe, na yakitumwa kurejesha amani mahali penye machafuko, ni kwa idhini ya Bunge. Kuchanganya asasi hizo mbili ni kuchanganya maswali ya kisheria.

Ukitaka tukio moja la kujifunzia yote haya kwa pamoja, chukua Kismayu. Septemba 28, 2012, vikosi vya Kenya vikiwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, vilishuka ufuoni kutoka baharini na kuuingia mji uliokuwa ngome ya al-Shabaab na bandari yake ya mapato. Waandishi wengi waliandika juu ya mizinga na helikopta. Mimi nakushauri uziangalie Galana na Tana. Ni meli zisizovutia kwenye picha, bapa na za mwendo wa pole, na kwenye orodha za mtandaoni huwekwa chini kabisa. Lakini bila chombo kinachoweza kusogea hadi ufuoni na kuteremsha magari, shambulio la namna hiyo halifanyiki. Jiulize maswali haya: askari walipandia wapi, nani alizilinda meli njiani, maji na mafuta ya siku zilizofuata yalikuja na nini, na ni nani aliyekuwa akiamuru, kamanda wa Mtongwe au kamanda wa operesheni? Swali hilo la mwisho litakufungulia mlango wa muundo kuliko mchoro wowote wa ofisi. Kamanda wa tawi huandaa watu na meli. Anayeziongoza vitani aghalabu ni mwingine.

Machache ya kazi yenyewe. Mtongwe ni eneo linalolindwa kisheria, na hata ukiwa kwenye feri ya Likoni usielekeze kamera huko. Omba ruhusa kwa barua kupitia Wizara ya Ulinzi, uwe na subira, na ueleze wazi unachokitafuta. Unapokutana na baharia mstaafu, umpe heshima ya umri wake kwanza, umwache anywe chai yake, kisha umuulize juu ya injini, maji ya kunywa na usingizi. Vita watu husimulia kwa namna moja, lakini maisha ya ndani ya meli kila mtu ana yake, na humo ndimo utakamojua meli ilikuwa na watu wa kutosha au walikuwa wakipokezana zamu bila kupumzika. Usimsukume aeleze jambo linaloweza kumtia matatani. Habari nzuri haidai hilo.

Kama kazi ya kwanza, chagua meli moja tu. Ningekuchagulia Shupavu. Andika ilijengwa wapi na kwa nini, ilikuja na silaha gani, ilikaa majini muda gani kabla ya ukarabati, ukarabati ulifanywa na nani, na kilichobadilika ni nini. Kila jibu liwekee tarehe na chanzo, na pale usipopata jibu acha nafasi wazi badala ya kuijaza kwa kukisia. Ukimaliza, fanya vivyo hivyo na Shujaa, pacha wake aliyepelekwa Uholanzi, uziweke kurasa mbili sambamba. Hapo utakuwa na kitu cha kuandika ambacho hakimo kwenye orodha yoyote.