Mwanangu ana selimundu, tuuze shamba?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 9 ana selimundu. Mjomba wake aliyeko Marekani anasema huko wanahariri jeni na mgonjwa anapona. Tuna shamba Sengerema. Tuliuze tumpeleke? – Mama, Mwanza

JIBU: Marahaba, mama. Shamba usiuze.

Mjomba hakukudanganya. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe, yaani zile zinazozalisha chembe za damu, huchujwa, kisha maabara hukata sehemu ndogo ya jeni ya BCL11A, ile inayozima himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama zetu. Himoglobini hiyo ikirudi, chembe nyekundu hazijikunji umbo la mundu. Victoria Gray wa Mississippi alitibiwa hivyo mwaka 2019, maumivu makali yakamwachia. Niliposoma habari zake nililia, maana nimeshika mikono ya watoto wengi wodini saa nane za usiku.

Ila idhini ile ilikuwa ya kuanzia miaka 12, bei dola milioni 2.2, na kabla ya seli kurudishwa mgonjwa hupewa kemotherapi kali, yaani dawa za kuua seli, inayoweza kumnyima uzazi.

Dawa ya kuulizia sasa ni haidroksiyurea. Nayo hupandisha himoglobini hiyohiyo, kwa vidonge tu. Mpeleke kliniki ya selimundu wampime damu, wampangie dozi kwa uzito wake. Chupa ya maji isikose kwenye begi la shule. Na akipata homa usiku, mama, usingoje kukuche.