Makazi ya Kudumu kwa Udhamini wa Mwajiri: Jibu kwa Mpwa Wangu wa Makorora

Mpwa wangu, umeniandikia kwamba kuna bwana mmoja hapo mjini Tanga anayedai milioni 18, bila risiti, ili akutafutie mwajiri wa Australia atakayekuombea makazi ya kudumu. Umeniambia pia kwamba mama yako haelewi kwa nini mimi, kaka yake, ninayetengeneza mitambo ya migodini huku Perth, kila nikipigiwa simu nasema bado nasubiri makaratasi. Kwa kuwa vijana wengine wa Makorora na Ngamiani wameniuliza hayo hayo, nawajibu kwa pamoja na bila kuficha.

Mafundi wengi hawaanzi na makazi ya kudumu. Huanza na viza ya muda, namba 482, ambayo hutolewa pale mwajiri aliyeidhinishwa na serikali anapomdhamini mtu mwenye ujuzi unaohitajika, kwa mshahara usiopungua kima kilichowekwa, ambacho Julai 2025 kiliwekwa kuwa dola 76,515 za Australia kwa mwaka. Ukishafanya kazi miaka 2 ndani ya miaka 3 chini ya udhamini wa namna hiyo, mwajiri wako anaweza kukupendekeza kwa viza namba 186, ambayo ndiyo makazi ya kudumu yenyewe. Kwa kawaida hapo uwe hujatimiza miaka 45, na Kiingereza chako kifikie alama 6 za mtihani wa IELTS katika kila sehemu, kuandika kukiwemo. Hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri kukupendekeza.

Mzigo wenyewe hauonekani kwenye picha tunazowatumia. Maombi ni mawili, pendekezo la mwajiri na ombi lako, na pendekezo likiondolewa kabla ya uamuzi, ombi lako haliwezi kusimama hata kama umeshalipa ada inayozidi dola 4,500. Msimamizi akipita karakana Ijumaa jioni kuuliza nani atakuja Jumapili kumalizia injini ya lori la mgodi, wenyeji hufunga masanduku yao ya vifaa na kuaga. Sisi wenye viza za kazi hubaki tumeinama, tukijifuta grisi mikononi, hadi mmoja wetu aseme kwamba yeye yupo. Hakuna aliyetutishia. Sheria ya kazi inatulinda sawasawa na wenyeji, na tangu Julai 2024 anayeachana na mdhamini wake hupewa hadi siku 180 kwa mkupuo kutafuta mwingine, badala ya siku 60 za awali. Hata hivyo, mwenye kodi ya nyumba na watoto shuleni haoni siku hizo kuwa nyingi, na kwa maoni yangu waajiri wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Mshahara ukiugeuza kuwa shilingi unapendeza, lakini kodi hukatwa kabla hujaushika, na Mtanzania mwenye viza ya 482 kwa kawaida hayumo katika Medicare, bima ya afya ya umma, hivyo hununua bima binafsi yeye na familia yake.

Sasa nimrudie bwana wako wa milioni 18. Tangu Desemba 2015, kuuza na kununua udhamini ni kosa chini ya sheria za Australia: mwajiri anayepokea fedha anaweza kufungwa hadi miaka 2, na mfanyakazi aliyelipa anaweza kufutiwa viza. Ipo pia tozo ya mafunzo, dola 3,000 au 5,000 kwa pendekezo la viza ya 186 kutegemea ukubwa wa biashara, ambayo mwajiri lazima ailipe mwenyewe na haruhusiwi kukukata. Kulipia mtihani wa Kiingereza, upimaji wa afya au wakala anayekuandalia makaratasi ni halali. Kumlipa mtu ili mwajiri akuchague si halali. Nadhani huyo bwana anaijua tofauti hiyo, ndiyo maana hataki kuandika risiti.

Kama kweli unataka njia hii, waombe wenye gereji ulizofanyia kazi wakupe barua zenye tarehe, majukumu na aina ya injini ulizozishika, kwa sababu kauli ya kwamba mjini kila mtu anakufahamu haina thamani kwa afisa wa viza. Halafu kaa na vyeti vyako mezani uvilinganishe. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinakuita Ramadhani, cheti cha VETA kinakuita Ramadhan. Herufi hiyo moja ni rahisi kuishughulikia ukiwa Tanga kuliko ukiwa huku.

Mwambie mama yako kwamba bibi yako hawezi kuingia katika ombi langu, kwa kuwa viza ya 186 hubeba mwenzi na watoto wanaomtegemea mwombaji tu. Nikiipata, pasipoti yangu ya Tanzania inabaki, maana makazi ya kudumu si uraia, na sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ruhusa ya kutoka na kurudi hudumu miaka 5, na kwa kawaida anayetaka kuihuisha kwa miaka mingine 5 huulizwa kama ameishi Australia angalau miaka 2 kati ya hiyo. Kwa hiyo mpango wa kuja kukaa Pongwe muda mrefu nikijenga utasubiri. Ombi likishaamuliwa, nitakuja kwa likizo yangu ya mwaka, ambayo ni wiki 4.