Je, joto huunguza utando wa kinga kwenye sahani za diski ngumu?

Mleta mada anasema diski yake hufika nyuzi 52, na anaogopa utando unaolinda sahani (zile duara za ndani zinazohifadhi data) unaungua. Kwa nyuzi hizo hauungui. Ila joto lina njia nyingine ya kuufikia, na mimi naiona kazini kwangu kwenye kuokoa data.

Juu ya tabaka la sumaku pana utando wa kaboni ngumu, jamii ya almasi, wenye unene wa nanomita 2 hadi 3 tu. Juu ya kaboni hupakwa kilainishi kiitwacho PFPE, chembamba zaidi, kama nanomita 1. Kaboni yenyewe ni ngangari: mpaka ianze kugeuka kuwa grafiti, yaani kaboni laini kama ya penseli, inahitaji mamia ya nyuzi. Mnyonge ni kilainishi. Kinapopata joto hutembea kwa urahisi zaidi na huvukizwa polepole, na kiasi fulani hunata kwenye kichwa kinachosoma. Kichwa hicho huelea nanomita chache tu juu ya sahani, kwa hiyo kikigusa mahali palipokauka, msuguano huzalisha joto kali la papo hapo ambalo kipimajoto cha diski hakilioni kabisa. Hapo ndipo kaboni huvunjika. Unga wake nao hukwaruza kwingine.

Diski za namna hii nikizifungua nakuta pete iliyochubuka kwenye sahani na kichujio cha ndani kimekuwa cheusi. Data iliyokuwa chini ya pete hiyo hairudi, na kumwambia mtu habari hiyo ni kazi ngumu.

Kuhusu nyuzi 52 zenyewe usikose usingizi. Watafiti wa Google walichapisha mwaka 2007 matokeo ya diski zaidi ya 100,000, na joto la wastani halikuonyesha madhara makubwa waliyoyategemea. Lilianza kuuma kwenye viwango vya juu kabisa, hasa kwa diski zilizokwisha zeeka. Diski nyingi huruhusiwa kufika nyuzi 60. Mimi hupenda zibaki chini ya 45, kwa kuwa feni ni rahisi kuliko uokoaji.

Penye vita halisi vya joto na utando ni kwenye diski za HAMR, yaani zinazoandika data kwa msaada wa joto. Humo leza hupasha kidoa kidogo cha sahani ya chuma na platinamu kupita nyuzi 400, kwa muda wa nanosekunde hivi, kisha hurudia tena na tena. Kaboni na kilainishi vya kawaida huteseka mno hapo. Ndiyo maana mwaka 2021 watafiti wa Cambridge walijaribu kufunika sahani kwa grafini, yaani tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja, wakaona inalinda vizuri ikiwa nyembamba kuliko kaboni ya sasa na inastahimili leza.

Mleta mada, diski yako ikianza kugonga-gonga au kusoma kwa kusuasua, izime hapo hapo. Usiendelee kunakili, maana kila mzunguko unapanua mkwaruzo.