Mpira kwanza, simulesheni baadaye

Wadogo zangu mnaoingia maabara ya roboti laini, zile za mpira na silikoni, mwaka huu, najua kompyuta itawavuta. Simulesheni, yaani majaribio ya kuigiza ndani ya kompyuta, zina rangi nzuri na hazichafui mikono. Nawasihi wiki za mwanzo mshike mpira.

Anzeni na msuli bandia wa McKibben. Joseph McKibben, mwanafizikia wa Marekani, aliutengeneza miaka ya 1950 kwa ajili ya binti yake aliyepooza kwa polio. Ni mrija wa mpira uliovikwa wavu wa nyuzi zilizosukwa. Ukiujaza hewa hunenepa na kufupika, mara nyingi kwa robo hivi ya urefu wake. Nyuzi zikishafikia takriban digrii 54.7 kutoka kwenye mhimili, haufupiki tena hata mkiongeza presha.

Ning'inizeni uzito, pandisheni presha kidogo kidogo mkipima urefu, kisha ishusheni vilevile. Mkichora grafu ya urefu na presha mtapata mistari miwili isiyolingana, kwa sababu nyuzi zinasuguana na mpira nao unapoteza nishati. Fomula rahisi ya vitabuni hutoa mstari mmoja tu. Tena mpira mpya huwa mgumu unapovutwa mara ya kwanza, halafu hulegea. Basi uvuteni mara kadhaa kabla ya kurekodi, na daftarini muandike umevutwa mara ngapi, maana namba hizo ndizo mtakazoilisha modeli, yaani mfano wa msuli ndani ya kompyuta.

Baadaye mtamimina silikoni wenyewe; ikigoma kuganda na kubaki inanata, kabla ya kulaumu vipimo tazameni glavu. Salfa iliyomo kwenye glavu za lateksi huzuia silikoni za platinamu, zile zinazogandishwa kwa kichocheo cha platinamu, zisigande. Vaeni za nitrili.

Sasa fungueni kompyuta, ila msianze na roboti nzima. Igeni kipande cha mpira kinachovutwa, ambacho jibu lake mnaweza kulikokotoa kwa kalamu. Programu hukigawa kipande hicho katika visehemu vidogo ili kukokotoa; vifanyeni vidogo zaidi, na jibu likibadilika sana, bado halijaaminika. Programu nyingi haziulizi vizio: mkitumia milimita na nyutoni, mkazo, yaani nguvu kwa eneo, utatoka kwa megapaskali, na msongamano lazima muuandike kwa tani kwa milimita ya ujazo. Hapo ndipo wengi hupotezea siku.

Sampuli iliyopasuka msiitupe. Iandikeni tarehe na presha, mlinganishe mahali ilipopasukia na pale modeli inapoonyesha mkazo mkubwa. Pasipolingana, ikateni mtazame kama palikuwa na kiputo cha hewa, kabla hamjagusa modeli.