Kabla Hujanunua Printa ya Lebo, Nisikilize Mimi Niliyerudishiwa Makopo 31

Jumatatu usiku nilipata ujumbe kutoka kwa mdogo wangu mmoja wa Dodoma anayesaga viungo vya pilau: "Shikamoo dada. Nataka ile printa ndogo ya stika isiyo na waya, ya kuchapia kwa simu. Nichukue ipi? Nina laki mbili tu." Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikafuta. Swali hilohilo niliuliza mimi miaka mitatu iliyopita. Nikatajiwa jina la mashine, nikainunua, na mashine hiyo ikanitia aibu mbele ya watu.

Ujumbe wake umeingia wiki ileile ambayo duka lililonirudisha na mzigo wangu limenipigia simu kuagiza makopo 96. Kwa hiyo leo nasimulia yote.

Sisi tunaofungasha vyakula tunajuana. Tumeanzia jikoni, tumeuza kanisani, msikitini, ofisini kwa shoga zetu, na wote macho yetu yako kwenye rafu ya supamaketi. Mimi nilianza Kimara na siagi ya karanga, baadaye nikaongeza pilipili ya chupa. Lebo zangu za kwanza nilichapisha Kariakoo, stika 1,000 kwa mkupuo kwa sababu chini ya hapo bei ilikuwa haishikiki. Sehemu ya tarehe niliiacha wazi niwe najaza kwa kalamu. Unajua kalamu na mafuta ya karanga wanavyoelewana: mteja akishika kopo mara mbili, tarehe imehamia kidoleni. Halafu nikabadilisha namba ya simu. Stika zaidi ya 600 zikawa takataka. Ziko mpaka leo kabatini, nimeshindwa kuzitupa.

Ndipo nikasikia habari za printa ya lebo. Haina wino, haina waya, inachajiwa kama simu, unaandika kwenye simu inatoa stika. Nilitoa shilingi 185,000 bila kuuliza swali la pili.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa mateso. Niliingia kwenye Bluetooth ya simu, nikaiona printa, nikaiunganisha, simu ikasema imeunganishwa, lakini haichapi kitu. Nilizima, nikawasha, nikabadilisha karatasi, nikataka kulia. Mwanangu wa kidato cha pili akaichukua simu akamaliza kazi kwa dakika tano. Printa nyingi za aina hii huziunganishi kule kwenye mipangilio ya simu, unaziunganisha ndani ya programu yake yenyewe. Na kama simu yako ni Android ya zamani kidogo, lazima uiruhusu programu ijue mahali ulipo, vinginevyo haitaiona printa hata ukiiweka juu yake.

Baada ya hapo nyumba nzima ilipata jina. Kopo la chumvi, kopo la sukari, madaftari, chaja, funguo za geti. Vidonge vya presha vya mama yangu nilivigawa kwenye viboksi viwili nikaandika ASUBUHI na USIKU kwa herufi kubwa, kwa sababu macho yake yamechoka. Boksi la duka la dawa lenye maelekezo ya daktari nililiacha kama lilivyo, na wewe usilibandike kitu juu. Mpaka leo mama anasema hiyo ndiyo faida pekee aliyoiona kwenye biashara yangu.

Sasa niende kwenye kidonda.

Nilipeleka makopo 48 dukani. Lebo zote nimechapa mwenyewe: jina la bidhaa, viambato, uzito, anuani, namba ya bechi (yaani ya mkupuo uliotengenezwa pamoja), tarehe ya kutengeneza na ya kuisha, pamoja na bakodi. Namba ya bakodi nilikuwa nimeipata kihalali GS1 Tanzania, wale wanaotoa namba za bakodi, inaanza na 620 kama bidhaa nyingine zilizosajiliwa hapa kwetu. Nilijiona nimemaliza kila kitu. Wiki ya tatu nikaitwa.

Nilimkuta ofisa manunuzi amesimama kaunta, mbele ya foleni, ameshika kopo langu. Upande uliokuwa unatazama dirisha maandishi yalikuwa yamepauka. Pale mafuta yalipochuruzika kutoka kwenye mfuniko, tarehe ya kuisha haisomeki kabisa. Akampa keshia. Keshia akapitisha kopo kwenye mashine mara moja, mara mbili, mara ya tano, kimya. Akaanza kuandika tarakimu 13 kwa mkono huku watu wanasubiri. Yule ofisa akaniambia, "Mama, hizi ni lebo za jikoni. Hapa ni dukani." Mtu mmoja kwenye foleni alicheka.

Nilirudishiwa makopo 31. Nilipanda bajaji na maboksi yangu mapajani, sikusema neno mpaka Kimara. Naandika haya nikiwa nimeshasamehe, lakini ule mcheko bado nausikia.

Wiki hiyohiyo, kana kwamba haijatosha, pilipili nayo ikaharibika sura. Nilikuwa na haraka, nikabandika lebo chupa zikiwa bado za moto. Asubuhi nikakuta lebo zimekuwa za kijivu, nyingine nyeusi, maandishi yamezama humo humo.

Nilichokuja kuelewa ni hiki, na ningependa ukisome taratibu. Printa hizi ndogo hazina wino kwa sababu "wino" uko kwenye karatasi. Karatasi imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na kichwa cha printa kazi yake ni kuchoma nukta ndogondogo. Ni ndugu wa karatasi ya risiti ya EFD. Sote tumewahi kuweka risiti kwenye pochi tukaja kuitoa nyeupe. Ndivyo lebo yangu ilivyofanya rafuni: jua liliipausha, mafuta yaliifuta, na joto la chupa liliiunguza yote. Printa haikuwa na kosa. Mimi nilichagua mashine kabla sijajua nitabandika juu ya nini na lebo itaishi wapi.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya kuuliza printa ipi, uliza karatasi ipi. Nitalirudia hili tena kwa sababu ndilo lililonigharimu.

Karatasi ya joto ya kawaida inafaa kwa mambo ya muda mfupi: boksi la mzigo linalofika kesho, bei ya rafuni, chakula cha kwenye friji. Kuna nyingine ya aina ya plastiki, ya joto vilevile, ila imefunikwa juu. Hiyo inavumilia maji na mafuta kwa kiasi kizuri, ingawa jua bado ni adui yake. Na kuna printa za utepe, ambazo joto linayeyusha rangi kutoka kwenye utepe na kuibandika kwenye lebo. Hizo ndizo za kudumu, hasa ukitumia utepe wa resini kwenye lebo ya plastiki, lakini ni kubwa zaidi na bei yake si ya laki mbili. Kwa majina ya nyumbani na ofisini, mfano mafaili au nyaya, mashine za P-touch za Brother zinatumia tepu yenye maandishi yaliyofunikwa na plastiki juu. Rafiki yangu anayesimamia stoo ya shule anazitumia na hazijawahi kumfutikia.

Bakodi ilinichukua muda mrefu zaidi kuielewa. Namba ilikuwa sahihi, sasa kwa nini mashine haisomi? Fundi mmoja wa mizani na mashine za kaunta ndiye aliyenifungua macho, akanichorea kwenye boksi la viatu. Bakodi ya tarakimu 13 imegawanywa vipande 95 vya upana sawa, na lazima iwe na nafasi nyeupe pembeni, vipande 11 kushoto na 7 kulia. Jumla 113. Printa yangu ni ya nukta 203 kwa inchi, yaani nukta 8 kwa kila milimita. Ukikipa kila kipande nukta 3, bakodi inahitaji zaidi kidogo ya milimita 42. Lebo yangu ilikuwa na upana wa milimita 40. Programu ya simu ikaibana ili ienee, kila kipande kikadai nukta zaidi ya mbili lakini hazifiki tatu. Nukta isiyo kamili haichapiki. Kwa hiyo mistari mingine ilitoka na nukta 2, mingine 3, na mashine ya kaunta inasoma unene wa mistari. Kwa macho yangu ilikuwa bakodi nzuri kabisa.

Dawa yake ni mojawapo ya hizi. Tumia lebo ya milimita 50, au tafuta printa ya nukta 300 kwa inchi, ambayo nukta 4 kwa kila kipande zinakaa vizuri ndani ya milimita 40. Na usiivute bakodi kwa vidole kwenye skrini ili ikae pazuri. Mimi nilifanya hivyo kwa mikono yangu. Nenda duka la jirani lenye mashine ya kusomea, omba wakujaribishie kabla hujabandika hata kopo moja. Watakukubalia, mimi hawajawahi kuninyima.

Sasa hivi nafanyaje? Stika kubwa ya rangi, yenye jina, viambato na bakodi, nachapisha matbaa na inapakwa plastiki juu. Mambo yasiyobadilika yakae huko. Printa yangu ndogo ileile ya laki na themanini na tano inachapa vitu vitatu tu: bechi, tarehe ya kutengeneza na tarehe ya kuisha, kwenye lebo ndogo ya plastiki inayokaa juu ya mfuniko, mbali na mafuta. Chupa inapoa kwanza, inafutwa, inakauka, ndipo inabandikwa. Kila nikibadilisha roli nasafisha kichwa cha printa kwa pamba yenye spiriti, printa ikiwa imezimwa na imepoa. Ukiona mstari mweupe unakatiza maandishi kutoka juu hadi chini, mara nyingi ni gundi au vumbi limeganda hapo.

Stoo tuna nyingine kubwa ya waifai kwa ajili ya maboksi, lebo za milimita 100 kwa 150. Umeme ukikatika na kurudi ilikuwa inapotea, kompyuta inasema printa haipo wakati naiona kwa macho. Ruta ilikuwa inaipa anuani mpya ya mtandao kila ikiwaka. Tukaingia kwenye ruta tukaitengea anuani moja ya kudumu, basi. Ile ndogo haina habari na umeme, ina betri yake. Kuna usiku tumefungasha oda nzima kwa tochi.

Kuna jambo moja nataka kulisema kwa sauti, hata kama litamuudhi mtu. Printa hii imeifanya tarehe kuwa kitu chepesi. Zamani tarehe ya kuisha ilichapwa kiwandani. Leo iko kwenye simu yangu, nagusa, nabadilisha, natoa nyingine kwa sekunde tatu. Mwaka jana nilibakiwa na makopo 22 ya karanga yaliyofikia mwisho. Mwenzangu mmoja kwenye biashara akaniambia, "Si una printa? Bandua, bandika." Nilikaa mezani na ile simu. Ninakiri nilikaa muda mrefu, ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa. Kisha nikamkumbuka mama na vile viboksi vyake vya ASUBUHI na USIKU, anavyomeza anachokikuta humo bila kuuliza kwa sababu binti yake ndiye aliyeandika. Makopo yale niliyafukia.

Ndugu zangu, karanga iliyokaa vibaya inaota ukungu wenye sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na wakija kwako watauliza hiyo tarehe na hiyo bechi. Lakini hata wasipokuja. Mwanamke anayempakia mwanawe mkate wa siagi ya karanga asubuhi hana maabara. Ana lebo yako tu. Ukimdanganya hapo, usije ukaniomba ushauri wa printa.

Kwa mdogo wangu wa Dodoma: laki mbili yako inatosha, usiongeze hata shilingi kwa sasa. Ila usiitoe wiki hii. Muombe muuzaji akuchapie lebo mbili za karatasi anayouza. Moja ipake mafuta ya binzari yako, nyingine iweke dirishani juani, siku kumi. Zote mbili zikisomeka, nunua mashine hiyo na roli hizo, na hakikisha inakubali roli za wauzaji wengine, maana zipo zenye kifaa kinachotambua roli za kampuni yake pekee na kukataa nyingine. Zisiposomeka, tafuta karatasi nyingine kwanza. Viungo vikavu havina mafuta mengi kama karanga, utakuwa na kazi nyepesi kuliko mimi.

Yale makopo 96 niliyapeleka Alhamisi mwenyewe. Ofisa ni yuleyule. Akachukua kopo kutoka boksi la katikati, hakulichagua, akampa keshia. Mashine ililia mara moja. Akageuza mfuniko, akasoma tarehe, akasaini.

Sasa niwaache, kuna chupa 120 za pilipili zinapoa mezani na lebo zake zimeshatoka. Nitazibandika alfajiri.